Sanamu ya Yesu ya udongo: niioshe, niiuze au nimpelekee mama?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Firenze mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Bibi niliyemhudumia miaka sita alifariki Januari, na kwenye wosia ameniachia sanamu ya Yesu, kichwa na mabega, ya udongo wa kuchoma, urefu kama sentimita 50. Kwa nyuma iko wazi na ndani ni tupu. Ina mabaki ya rangi nyekundu na buluu, pua imemegeka (kipande ninacho), na shingoni inatoa unga mweupe kama chumvi. Nikiufuta kwa kitambaa kibichi unarudi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliiangalia akasema, 'Hii ni Agnolo di Polo.' Jina hilo sijawahi kulisikia. Muuza vitu vya kale ameniahidi euro 800, anataka aichukue wiki hii hii. Mimi nilipanga kuiosha kwa maji ya sabuni, nigundishe pua, nimpelekee mama Moshi aiweke kigangoni. Je, ni ya kale kweli? Huyo Agnolo ni nani? Na nisipoiuza sasa, nitakuwa nimejipunja?"

Marahaba, dada. Pole sana kwa msiba. Miaka sita ya kumwogesha na kumlisha mtu si kazi tu, ni undugu, na naamini bibi alijua anamwachia nani.

Kabla sijasema lolote: ndoo ya sabuni irudishe ilikotoka. Gundi nayo ifungie kabatini. Na huyo wa euro 800 mwambie bado unafikiria. Haraka ni yake, wewe huna. Sanamu kama ni ya miaka mia tano, itasubiri mwezi mmoja zaidi bila kunung'unika.

Nikikusoma vizuri, hofu yako ina pande mbili: usije ukapunjwa kwa kutojua, na usije ukaharibu kwa mikono yako kitu ulichoachiwa kwa mapenzi. Hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu kutokea, kwa hiyo tuanze na ule unga mweupe shingoni. Huo ni ugonjwa. Mambo ya Agnolo yanaweza kungoja.

Unaukumbuka mtungi wa maji wa nyumbani, ule unaotoka jasho kwa nje? Maji yanapoa kwa sababu udongo uliochomwa una vinyweleo, na maji yanapenya humo polepole na kukauka juu. Sanamu yako ni ndugu wa mtungi huo. Imefinyangwa kwa udongo, ikakaushwa, ikaingia kwenye tanuri, lakini haikupakwa kioo cha kung'aa kama vile vigae vyeupe na buluu vya akina Della Robbia, ukoo wa wafinyanzi wa Firenze, ulivyoviona kwenye kuta za makanisa huko. Kwa hiyo inakunywa. Ikikaa juu ya sakafu ya mawe yenye unyevu, au ikiegemea ukuta wa nje, inafyonza maji, na maji hayaji peke yake. Yanabeba chumvi za ukutani na za sakafuni. Hewa ikikauka, maji yanatoka na kuiacha chumvi chini kidogo tu ya ngozi ya udongo. Pale inageuka vipande vigumu vyenye ncha, inavimba, inasukuma. Ngozi inapasuka na kumeguka, na rangi iliyo juu yake inaondoka nayo.

Sasa angalia ulichokuwa unafanya. Kitambaa kibichi kinaiyeyusha ile chumvi, kinairudisha ndani, na siku mbili baadaye inatoka tena na kuvunja mahali papya. Hukuwa unaifuta, ulikuwa unainywesha. Usijilaumu. Nami nilipokuwa mwanagenzi niliachiwa malaika mdogo wa udongo, ana mashavu ya waridi, nikamfuta kwa pamba na maji "kidogo tu". Shavu moja lilibaki kwenye pamba. Rangi za sanamu hizi hazikuchomwa pamoja na udongo. Zilipakwa baada ya tanuri, juu ya tabaka jembamba la jasi na gundi ya ngozi ya mnyama, na gundi hiyo ikiguswa na maji inalainika. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinipa ile pamba niiweke mfukoni, na nilitembea nayo mwaka mzima.

Fanya hivi. Isogeze mbali na ukuta wa nje, na pia mbali na redieta, maana joto la ghafla linaivuta chumvi nje kwa nguvu. Iweke juu ya ubao mkavu, chumba kisichobadilika sana mchana na usiku. Usiifunge kwenye plastiki, itatoa jasho humo humo. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu ya kupakia vipodozi, mahali ambapo rangi imeshika tu, panapotoka unga usipaguse. Chembe yoyote ikianguka, itie kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe na sehemu ilipotoka. Kisha piga picha pande zote, na ndani pia kwa tochi.

Waulize watoto wa bibi sanamu ilikuwa wapi tarehe 4 Novemba 1966. Siku hiyo mto Arno ulifurika, na mitaa ya Santa Croce maji yalizidi mita 4, yamechanganyika na tope na mafuta mazito ya kupashia nyumba joto. Kitu cha udongo kilichokuwa ghorofa ya chini siku ile kinaweza kuwa bado kinatapika chumvi mpaka leo. Kama ndivyo, mkarabati anatakiwa ajue, kwa sababu chumvi nyingi namna hiyo huvutwa taratibu kwa madongo ya karatasi iliyoloweshwa maji yaliyochujwa madini. Ni maji, ndiyo, lakini baada ya rangi kushikizwa kwanza, na kwa mtu aliyesomea.

Kuhusu pua: gundi ya dukani, hasa ile inayoshika papo hapo, ina nguvu kuliko udongo wenyewe. Siku ikigongwa tena haitaachia pale ilipogundishwa, itang'oa nyama mpya ya shavu. Wakarabati hutumia resini za akriliki, kama ile iitwayo Paraloid B-72, ambazo huyeyuka kwa asetoni hata baada ya miaka mingi, ili anayekuja baadaye aweze kufungua kazi yako. Kipande chako kifunge kwenye karatasi laini, usijaribu kukipachika "uone kama kinakaa". Kila ukikijaribisha unazisaga kingo, na kingo ndizo zitakazofanya mshono usionekane.

Haya, Agnolo di Polo.

Kwa Kiswahili tumezoea kumwita kila mtu wa sanamu mchongaji, lakini huyu kwa haki ni mfinyanzi. Mchongaji anaondoa mpaka sura itokee; huyu alikuwa anaongeza, anabandika, anabonyeza kwa kidole gumba. Alizaliwa Firenze mwaka 1470 na kufariki Arezzo mwaka 1528. Alijifunza kwa Andrea del Verrocchio, ambaye karakana yake ndiyo ilimpitisha Leonardo da Vinci. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anamgusa kwa maneno machache tu ndani ya habari za Verrocchio: kwamba alikuwa mwepesi wa kufanya kazi ya udongo, kwamba aliujaza mji kwa vitu vya mkono wake, na kwamba angeamua kuishika sanaa kwa dhati angefanya mambo mazuri mno. Ni sifa yenye kofi ndani yake. Mimi huwa nasimama upande wa Agnolo: mtu aliyeujaza mji kwa sura za Yesu alikuwa anafanya kazi kwa dhati ya kutosha, ila wateja wake walikuwa watu wa nyumbani na wa vyama vya sala, hawakuwa mapapa.

Ndiyo sababu hukulikuta jina lake. Udongo ulikuwa bei nafuu, karakana hazikuwa na desturi ya kuutia sahihi, na kitu cha kusalia chumbani hakiandikwi kwenye hesabu za mji. Kwa muda mrefu vichwa hivi vilibaki "vya shule ya Verrocchio", yaani mtoto anayejulikana kwa jina la mtaa. Kinachotusaidia ni kichwa cha Mkombozi kilichofanywa mwaka 1498 kwa ajili ya Sapienza, shule ya mji wa Pistoia, ambacho nyaraka zinamtaja Agnolo, na kipo Museo Civico, makumbusho ya mji huo. Kutoka kwenye kipande hicho wataalamu hupima vingine kwa jicho: nywele zilizogawanywa katikati zikishuka kwa mawimbi na vikunjo, kope nzito zinazotazama chini, mdomo uliofunguka kiasi kama mtu anayetaka kusema.

Sura yenyewe hakuibuni. Ni ya mwalimu wake. Mwaka 1483 shaba ya Verrocchio ya Kristo na Mtakatifu Tomaso iliwekwa kwenye ukuta wa kanisa la Orsanmichele, katikati kabisa ya mji, na Yesu yule akawa ndiye Yesu wa Firenze. Kisha ikaja miaka ya mtawa Savonarola, aliyekuwa akihubiri kwamba mfalme wa mji ni Kristo, hadi aliponyongwa na mwili wake kuchomwa Mei 1498. Ni mwaka ule ule wa kichwa cha Pistoia. Unaelewa basi kwa nini watu walitaka sura hiyo nyumbani, mezani, usawa wa macho yao. Wewe uko hapo hapo mjini: siku yako ya mapumziko pita Orsanmichele, iliyo nje ni nakala, ya asili iko kwenye makumbusho ya ghorofani. Nenda na picha ya sanamu yako kwenye simu. Utaona mwenyewe kilichomfanya mwalimu mstaafu atamke lile jina.

Ila kutamka jina si kuthibitisha, na hapa lazima nikuvunje moyo kidogo. Kufanana na Yesu wa Verrocchio ndiko kufanana kulikoigwa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 Toscana, mkoa wa Firenze, ilikuwa na viwanda vizuri kabisa vya kurudia kazi za kale kwa udongo: Cantagalli wenye alama ya jogoo, na Manifattura di Signa ulioanzishwa mwaka 1895. Hawakuwa matapeli. Walipiga mhuri na kuuza kama nakala. Lakini mhuri unaweza kusuguliwa, na miaka mia ya moshi wa mishumaa inamfanya mtu yeyote aonekane mzee. Kwa hiyo geuza sanamu taratibu, juu ya mto, mtu mwingine akishika, utafute mhuri kwenye ukingo wa chini na mgongoni.

Halafu wapo waliodanganya kweli, au waliodanganyiwa kazi zao. Giovanni Bastianini, mtu wa huko huko, aliyefariki mwaka 1868, alimfinyanga mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha tumbaku kwa mtindo wa karne ya 15. Mfanyabiashara aliyemlipa kama faranga 350 akakiuza kichwa hicho, kikapita mikono, na mwaka 1866 Louvre, makumbusho makuu ya Paris, ikakinunua kwa zaidi ya faranga 13,000 kama sura ya mshairi Benivieni wa zama za Savonarola. Ukweli ulipotoka, waungwana wa Paris walibishana magazetini kwamba haiwezekani fundi wa siku zao afike kiwango hicho. Kama Louvre iliuziwa hivyo, wewe na mimi tusione aibu kusita.

Kitu cha kuangalia ndani, kwa tochi: je, unaona alama za vidole na za kifaa cha kukwangulia? Mfinyanzi wa zamani alijenga kichwa kikiwa kimejaa, kisha akakikwangua kwa ndani mpaka ukuta ubaki sentimita chache, kwa sababu udongo mnene hupasuka tanurini. Au ndani ni laini, ukuta una unene mmoja kila mahali, na kuna mstari wa mshono unaopanda pembeni mwa masikio? Hiyo ni kazi ya kalibu. Kalibu peke yake haihukumu, maana hata karakana za karne ya 15 zilitumia kalibu kurudia sura zinazouzika. Chungulia pia pale pua ilipomegeka: kama ndani ni weupe na laini kama chaki, hiyo ni plasta ya jasi iliyopakwa rangi ya udongo, na tumemaliza. Usikwangue kupata jibu. Pameshamegeka, patazame tu.

Rangi nayo inasema, ila husema habari zake yenyewe. Ile buluu ikipimwa ikaonekana ni buluu ya Prussia, imepakwa baada ya mwanzo wa karne ya 18, ilipobuniwa Berlin. Nyeupe ya titani ni ya karne ya 20. Hilo halifanyi udongo kuwa mpya. Sanamu za kusalia zilipakwa upya kila zilipochakaa, kama nyumba inavyopakwa kabla ya harusi. Kinyume chake pia: rangi ya kizamani juu ya udongo mpya si kazi ngumu kwa mjanja.

Kipimo kinachozungumza na udongo wenyewe kinaitwa termoluminesensi. Picha yake ni hii: weka ndoo tupu chini ya mchirizi wa bati. Chembe za madini ya kwatsi ndani ya udongo ni ndoo hiyo, na matone ni mionzi hafifu ya asili inayotoka kwenye udongo wenyewe na mazingira. Tanuri liliimwaga ndoo yote siku sanamu ilipochomwa. Tangu hapo matone yanajikusanya. Maabara huchukua unga kidogo kwa kutoboa sehemu isiyoonekana chini, huupasha joto gizani, na zile chembe hutoa mwanga. Wingi wa mwanga ndio ujazo wa ndoo. Kosa lake linaweza kufika robo ya umri, kwa hiyo kitaweza kukuambia kama ilichomwa zama za Agnolo au zama za Bastianini, lakini hakitakwambia ni Agnolo au ni jirani yake wa karakana ya pili. Na kama kichwa na mabega yameungwa, sampuli zitoke kote kuwili. Muhimu: usikubali ipigwe eksirei au skani ya hospitali kabla ya sampuli kuchukuliwa, kwani mionzi hiyo inaongeza maji kwenye ndoo.

Kipimo kinagharimu, na ukarabati unagharimu. Kwa hiyo mpangilio wangu ungekuwa kwanza jicho la mtu mmoja au wawili wanaojua udongo wa Toscana, kisha uamuzi kama kipimo kinafaa. Kama wataona mhuri wa Signa, hakuna haja ya kutoboa.

Na bei? Sijaiona, sitakutajia. Nitakufundisha kusoma maneno yatakayoandikwa kwenye karatasi ya tathmini, kwa sababu bei imelala humo. "Agnolo di Polo" bila nyongeza maana yake mthamini anasimama na jina. "Attribuito a" ni anaamini lakini hajafunga mlango. "Bottega di" ni karakana yake. "Cerchia di" ni watu wa karibu naye. "Maniera di" ni yeyote, wakati wowote, hata mwaka jana. Tofauti ya neno moja inaweza kuwa tofauti ya sifuri moja. Mtu anayekuahidi euro 800 taslimu bila kuandika chochote anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu nakala ya mwaka 1900. Anaweza pia kuwa amekwisha kuona alichokiona mwalimu mstaafu. Mwombe aandike anachonunua, kwa jina na kipindi. Ukimya wake utakujibu.

Sasa Moshi, na hapa nisikilize kuliko sehemu nyingine zote. Kwa sheria ya Italia, kazi ya sanaa ya msanii aliyefariki, yenye zaidi ya miaka 70, haitoki nchini hivi hivi hata kama ni mali yako halali. Ikiwa thamani yake haifiki euro 13,500, unapeleka tamko Ufficio Esportazione, ofisi ya kusafirisha sanaa nje, na wao wana haki ya kuikagua. Ikizidi hapo unaomba hati ya kuiruhusu itoke, na serikali inaweza kukataa na kuifunga ibaki nchini, ingawa inabaki yako. Kuivusha kimya kimya ndani ya sanduku la nguo ni kosa la jinai, kifungo miaka 2 hadi 8. Usije ukaambiwa na mtu "wapakie nguo juu, hawaangalii". Ofisi hiyo ipo Firenze, huna haja ya kusafiri.

Kabla ya ofisi hiyo, weka sawa karatasi za wosia kwa mthibitishaji wa nyaraka, ili ionekane imekufikiaje. Kisha waombe polisi wa Carabinieri wanaoshughulikia urithi wa utamaduni, kikosi cha tangu mwaka 1969, waiangalie kwenye orodha yao ya vitu vilivyoibwa. Simshuku bibi hata kidogo. Makanisa mengi ya vijijini Italia yaliibiwa, na vitu vilipita sokoni kwa watu wema wasiojua. Ni afadhali ulijue hilo wewe kwanza kuliko mnunuzi.

Ikionekana ni nakala ya kiwanda, ukapata karatasi, mpelekee mama kwa amani kabisa. Hata nakala hizo ni nzuri, na kigangoni hakuna atakayeuliza mhuri. Ibebwe mkononi, ndani ya sanduku lenye sponji, isiingie tumboni mwa ndege. Mama aiweke mbali na dirisha la mvua na juu ya mishumaa isikae. Ikionekana ni ya zama zile, ningekushauri ibaki Italia kwanza, ikarabatiwe, uamue taratibu kuuza au kuiazimisha makumbusho, na mama umtumie kitu kingine cha kumkumbuka bibi.

Mkarabati mtafute kwenye orodha rasmi ya Wizara ya Utamaduni, aliyesajiliwa kwa upande wa udongo na kauri, na aandike atakachofanya kabla ya kugusa. Usichelewe zaidi ya wiki chache kama unga unaendelea kutoka. Ukienda, beba bahasha za chembe, zile picha, na kipande cha pua.